Pumba za Mpunga Zilimuunguza Mwanangu, Msichana wa Kazi Akabebeshwa Lawama

Nina miaka thelathini na tano, nina mume mmoja na mtoto mmoja, na kabla hujaniuliza, nimeshahesabu mara mbili. Naishi Majengo, hapa Mpanda mjini. Kazi yangu ni kununua mpunga kule kijijini Mamba, kuukoboa na kuuza mchele. Anayenijua sokoni atakwambia mimi sipunjwi. Gunia nalitikisa, debe nalipima upya, mzani nauchungulia mpaka chini... Lakini wasomaji wenzangu, nilipunjwa nyumbani kwangu, na walionipunja tulikuwa tunakula sahani moja!

Mwanangu anaitwa Deo. Wakati wa mkasa huu, katikati ya miaka hii ya tisini, alikuwa na miaka minne. Nilimpata baada ya mimba mbili kuharibika. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba namlinda mtoto kupita kiasi, namwacha aseme, halafu naendelea kumlinda.

Tatizo langu ni kwamba mpunga hununuliwa kiangazi, barabara zikiwa zimekauka. Na kiangazi ndiyo wakati mbaya kuliko yote wa kumwacha mtoto na mtu mwingine. Mvua hakuna ya kuwafungia watoto ndani, wanazurura kutwa. Jua linaanza kuchoma saa nne. Mashimo ya matofali yamechimbwa kila mahali na hakuna anayeyafukia. Watu wanachoma majani bila kuangalia upepo.

Lakini nililoliogopa zaidi lilikuwa ng'ambo ya barabara yetu. Pale kuna mashine ya kukoboa, na nyuma yake kuna lundo la pumba za mpunga, kubwa kuliko nyumba. Likizidi wanalichoma. Nyie mlioko mbali na mpunga hamjui moto wa pumba. Hauwaki ukauona. Juu ni majivu meusi yametulia kama kitanda kilichotandikwa, chini moto unatambaa siku baada ya siku. Nilishaona mbuzi akikatiza pale. Jioni yake alikuwa kitoweo.

Basi nikamtafuta msichana wa kazi. Nikampata Minza, binti wa Kisukuma wa miaka kumi na tisa. Baba yake alihamia Mamba na ng'ombe wake kutoka kaskazini, akaanza kulima mpunga, na mimi nilikuwa mteja wake.

Siku ya kwanza sikumwonyesha jiko wala ndoo. Nilimkalisha kwenye mkeka, baba Deo yuko kwenye kiti chake na redio yake, nikaanza kutaja masharti. Kuanzia saa nne mpaka saa kumi Deo akae kivulini. Maji ya kunywa yawe karibu muda wote. Kwenye mashimo ya matofali asisogee. Na nyuma ya mashine asifike kabisa, hata akiwa ameshikwa mkono.

Nilidhani atasema ndiyo mama, ndiyo mama. Kumbe nimeleta mfanyabiashara mwenzangu! Minza akaniambia kwao mtoto wa umri wa Deo anachunga ndama. Nikamwambia hapa hatuna ndama. Akauliza, akilia kufuata wenzake? Nikajibu alie, machozi hayachomi. Akauliza habari ya maji, maana bombani kuna foleni na jua litawakuta huko huko. Hapo alinishika. Tukapatana achote alfajiri, kabla Deo hajaamka. Mimi nikalegeza hilo, yeye akakubali la mashine bila kubisha tena.

Kisha nikamwambia ayarudie. Akayarudia yote, na akaongeza lake: mtoto asitembee peku, miiba ya kiangazi ni mibaya. Safari iliyofuata baba yake Minza akamtengenezea Deo katambuga, vile viatu vya tairi la gari. Vizito kuliko mtoto mwenyewe. Deo alivipenda mpaka alitaka kulala navyo.

Baba Deo naye siku ile alipunguza sauti ya redio na kusema, "Minza, umesikia ya mama yako. Na mimi ni hayo hayo."

Hayo maneno yashikeni.

Mambo yalikwenda vizuri. Naenda Mamba, narudi, namkuta mtoto mzima, kanenepa, ana vumbi la kawaida tu. Mpaka alipokuja wifi yangu mkubwa, Mama Regina, kutoka Ufipa. Alisema amekuja kutusalimia. Alishuka na tenga la kuku wanaotaga... Mgeni anayekuja na kuku wanaotaga, huyo Jumapili haondoki!

Wifi ndiye aliyemlea mume wangu mama yao alipofariki. Kwa hiyo mbele yake mume wangu hana kauli. Wifi akiomba maji, anayeinuka ni baba Deo.

Masharti yangu aliyacheka. Alisema mdogo wake alikua juani, mbona hakuyeyuka. Alimtuma Minza dukani mchana, akamtuma kwa jirani, akamtuma kurudisha alichomtuma. Nilimwomba mume wangu azungumze naye. Alijibu, "Nitaongea naye." Nilipomuuliza tena, alijibu vile vile. Nikasafiri nikiwa na ahadi hiyo mkononi, mimi ambaye hata punje sichukui bila kuihakikisha!

Nikiwa Mamba, nimeshafunga magunia, dereva wa lori lililotoka Mpanda alinifuata. Hakunisalimia. Alisema, "Mama Deo, panda twende. Mtoto wako ameungua, yuko hospitali."

Nilipanda. Mpunga niliuacha chini ya mti na mtu nisiyemjua jina. Njia nzima nilikuwa najiuliza, ameungua wapi? Uso? Macho? Yuko hai au dereva ananionea huruma?

Nilimkuta Deo yuko hai. Amefungwa bandeji miguu yote miwili mpaka magotini, amelala na mdomo wazi. Wifi alikuwa amekaa kitandani, na kabla sijauliza akanipa habari yote, imepangwa vizuri kama nyanya za sokoni. Kwamba Minza aliondoka na mtoto kwenda mashineni kwa sababu ana wanaume zake pale. Kwamba akiwa kwenye maongezi, mtoto akaingia kwenye pumba. Na kwamba wameshamfukuza, asubuhi hiyo alipandishwa lori jingine arudi kwao, tulipishana njiani.

Mume wangu alikuwa anaangalia sakafu. Nilidhani ni uchungu...

Nilimlaani Minza mpaka koo likakauka. Jambo nililomkataza kuliko yote! Alilolirudia kwa mdomo wake!

Kesho yake muuguzi alikuja kubadilisha bandeji. Alisema nyayo zimesalimika kwa sababu ya vile viatu vya tairi. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, "Na yule dada yake? Nilimwambia arudi kusafishwa vidonda, mbona simuoni? Aliungua kuliko huyu. Alikuja hapa anakimbia na mtoto mgongoni, ngozi ya miguu inaning'inia."

Mimi sikujua kwamba Minza aliungua. Hakuna aliyeniambia. Walimpandisha lori na miguu ile!

Nilimgeukia Deo. Nikamuuliza polepole, mlifuata nini mashineni?

"Chakula cha kuku," akasema. "Shangazi alisema tukachukue. Minza akasema mama amekataza."

"Halafu?"

"Shangazi akasema hapa ni kwa mdogo wake. Baba akasema nendeni tu, mara moja."

"Baba yupi, Deo?"

Akanishangaa. "Baba. Alikuwa anakula."

Wasomaji, nimewahi kuuziwa gunia lenye mawe chini. Nimewahi kuletewa mchele uliochanganywa na chenga. Sijawahi kupunjwa namna ile!

Nilimkuta mume wangu kwenye baraza ya hospitali. Nikamuuliza, ulikuwepo? Akasema alikuwa anakula. Nikamuuliza kama masikio nayo aliyaweka kwenye sahani. Akasema nipunguze sauti, watu wanasikia.

"Minza alikuangalia kabla ya kuondoka?" nikauliza.

"Aliniangalia," akasema. "Sasa ulitaka nibishane na dada kwa ajili ya hausigeli?"

"Kwa ajili ya Deo," nikamwambia.

Nikamwacha pale, nikarudi kwa mwanangu.

Deo alipopata nafuu nilikwenda Mamba, si kwa mpunga. Minza alikuwa amekaa mbele ya nyumba yao, miguu imenyooshwa, imefungwa vitambaa. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Deo anatembea?" Nikamwambia anatembea kwa kushika ukuta. Akafunga macho, akashusha pumzi.

Akanieleza yote. Alimwacha Deo kivulini mbele ya mashine, akaingia kufunga pumba laini za kuku. Watoto wakapita wanasukuma ringi ya baiskeli, Deo akawafuata kwa nyuma. Aliposikia ukelele hakutafuta njia ya kuzunguka, aliingia moja kwa moja. Yeye alikuwa peku, maana viatu vyake wifi alikuwa amevivaa kwenda chooni.

Nilipiga magoti nikamwomba arudi. Nikamwambia masharti yatakuwa makali zaidi, hakuna atakayethubutu.

Akanitazama kwa upole, na upole ule uliniumiza kuliko kofi. "Mama, masharti yako niliyashika yote. Ulinifundisha namna ya kumkataza Deo. Ukaondoka. Hukuniachia namna ya kuwakataza wakubwa."

Baba yake alikuwa amesimama pembeni, anasikiliza. Sasa akasema, "Miguu itapona, mama Deo. Lakini wamesema mwanangu alifuata wanaume mashineni. Hilo nalo tulipake dawa gani? Waliolisema waje hapa walifute."

Niliona ni haki. Nikarudi nyumbani nikawafikishia ujumbe. Wifi akasema yeye hawezi kwenda kumwomba radhi mtoto aliyekuwa akimwoshea vyombo. Baba Deo akasema ataangalia. Ataangalia! Yule yule wa nitaongea naye!

Basi nikafanya jambo nililoliweza. Nikaacha kwenda kununua. Katikati ya msimu, wenzangu wanapakia malori, mimi nimekaa kibarazani na mwanangu namfundisha kutembea upya. Mchele wa ndani ukaisha, tukahamia kwenye ugali wa dona. Wifi dona lilimsumbua tumbo. Haukupita muda mrefu akakumbuka kwamba ana shamba kwao, akaondoka na tenga lake. Kuku walikuwa wamenona.

Mume wangu hakwenda Mamba. Alituma samahani kwa mdomo wa dereva wa lori, pamoja na mfuko wa sukari. Sukari ilirudi na lori lile lile, imepungua kidogo njiani. Samahani sijui iliishia wapi.

Sasa tuna mama mtu mzima, tunamwita Mama Odeta, kutoka kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi. Siku aliyofika nilitandika mkeka tena. Safari hii nilizima redio na kumkalisha baba Deo chini, karibu yetu. Nilitaja masharti ya kiangazi moja moja, halafu nikamwambia mume wangu sirudi Mamba mpaka aseme yeye mwenyewe, mbele ya mama huyu, kwamba anaweza kukataliwa. Alikohoa. Alifunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Mwisho akasema, "Mama Odeta, hata mimi nikimtoa mtoto juani, nikatalie. Na mgeni yeyote, umkatalie, useme ni mimi nimesema."

Hazikupita wiki nyingi, baba Deo akataka kumpakia Deo kwenye baiskeli saa saba mchana waende kuangalia mpira. Mama Odeta alisimama mlangoni na ufagio wake, akasema taratibu, "Baba, jua." Mume wangu alisimamisha baiskeli ukutani, akanuna siku nzima. Mimi nilifurahi siku nzima.

Wenzangu mnaoacha watoto na wasichana wa kazi, nawaombeni. Msijidanganye kama mimi kwamba mkishamwekea binti masharti mmemaliza. Yule binti ndiye mdogo kuliko wote ndani ya nyumba yenu. Anatumwa na mume, anatumwa na wifi, anatumwa na mgeni aliyefika jana. Ukimpa sheria bila kumpa ruhusa ya kuwakatalia wakubwa, umempa mzigo wa kichwani bila kata. Wakalisheni wote pamoja, kila anayeweza kumtuma, na kila mmoja aseme kwa mdomo wake binti akiwa anasikia. Atakayeona aibu kusema, huyo ndiye wa kumwogopa. Fanyeni kabla ya kiangazi, msisubiri muuguzi awaulize maswali.

Minza hakurudi. Nasikia anatembea, ila viatu vya kufunika havimwingii. Mimi bado naenda Mamba, na kila msimu napita kwa baba yake. Ananikaribisha, ananipa kiti na maziwa, ananiuliza hali ya Deo. Nikiuliza mpunga anasema hauuzwi, na magunia nayaona yamepangwa nyuma yake mpaka darini. Mimi najua kupatana na kila aina ya mtu. Lakini mzee yule hataji bei... na asiyetaja bei utaanzia wapi kumbembeleza?