Ujumbe Ulioishia Kwenye Salamu

Kila alasiri alipotoka shule, Chiriku alipitia kwenye chumba cha ushonaji cha shangazi yake. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu ya kupenda kuongea. Hakubisha hodi, maana ingekuwa kazi bure: shangazi alikuwa kiziwi tangu alipougua homa kali utotoni. Chiriku alizima na kuwasha taa, shangazi akainua macho kutoka kwenye cherehani na kutabasamu.

Wawili hao waliongea kwa lugha ya ishara. Chiriku aliijua tangu akiwa mdogo sana, hata baba yake alizoea kutania kwamba binti huyo alianza kupiga domo kwa vidole kabla ya ulimi.

Shangazi alikuwa fundi hodari. Wateja walipomwandikia ujumbe kwenye simu, aliusoma na kuujibu mwenyewe. Taabu ilikuwa kwa wale wavivu wa kuandika. Wao walibonyeza simu na kumwaga maneno: "Fundi, ile sketi ipunguze kiunoni! Fundi, mikono iwe mirefu kidogo!" Ujumbe wa sauti ulikuwa kwake kama chungu kilichofunikwa. Alijua kuna kitu ndani, lakini mfuniko ulimshinda. Chiriku ndiye aliyeufunua. Alisikiliza, kisha akaeleza kwa mikono.

Mwanzoni aliifanya kazi hiyo kwa fahari. Baadaye ikaanza kumchosha, akawa anakata maneno. Mteja akieleza kirefu, yeye alisema, "Anashukuru." Kwa kuwa hakuna kilichoharibika, aliona si kitu.

Siku moja wenzake walimjia dirishani na mpira mkononi. "Chiriku, tunapanga timu! Usipokuja sasa hivi, nafasi yako tunampa mwingine!"

Alikuwa ameshafika mlangoni shangazi alipomshika bega na kumpa simu. Ujumbe wa sauti ulikuwa umeingia, tena mrefu, kutoka kwa mama wa rafiki wa shangazi, mzee aliyeona taabu kuandika. Shangazi na rafiki huyo walilala bweni moja katika shule ya viziwi. Jina lake kwa ishara lilikuwa kidole kinachogusa shavu, kwa ajili ya kishimo alichokuwa nacho akicheka.

Chiriku aliweka simu sikioni. "Mwanangu, hujambo?" sauti ilisema polepole. "Kazi zinaendeleaje? Sisi huku wazima, ila miguu ndiyo inanisumbua, na mvua nayo haikatiki..."

Chiriku alitupa jicho dirishani. Akabonyeza, sauti ikakatika.

"Anasemaje?" shangazi aliuliza.

"Anakusalimu tu. Miguu inamuuma."

"Ujumbe wote huo?"

"Si unawajua wazee, shangazi? Salamu zao hazina mwisho!"

Wakacheka wote wawili. Shangazi akaandika, "Asante sana mama, nimekusikia. Pole na miguu." Chiriku alikuwa ameshatimua mbio.

Wiki kadhaa zilipita. Alasiri moja simu ya video iliita kutoka namba ngeni, kioo kikamulika. Shangazi aliiegemeza kwenye boksi la nyuzi, akapokea, akaruka kwa furaha. Ni yule rafiki yake! Lakini rafiki hakutabasamu. Mikono yake ilikwenda kwa uzito.

"Nilikukosea nini?" aliuliza. "Nilikungoja kituoni. Simu yangu iliingia maji, nikamwomba mama akutumie ujumbe kwamba ninahamia ng'ambo kwa mume wangu. Ulijibu kuwa umesikia. Nilisimama nje ya basi na mtoto mgongoni ili umwone, mpaka kondakta akanivuta mkono. Hukuja."

"Ujumbe gani?" Vidole vya shangazi viliganda hewani. Kisha akageuka, akamtazama Chiriku.

Uongo ulikuwa tayari kwenye ncha za vidole. Angeweza kusema mtandao ulikuwa mbovu, nani angejua? Lakini pale kwenye kioo alimwona yule rafiki akijifuta machozi kwa kanga ya mtoto, na uongo ukamshinda.

"Ni mimi," aliashiria. "Sikusikiliza mpaka mwisho. Nilikuwa nakimbilia mpira. Nisameheni."

Shangazi hakumfokea. Ingekuwa afadhali angefoka. Aliongea na rafiki yake kwa muda mrefu, wakilia, kila mmoja akigusa kioo upande wake. Walipoagana, alimkabidhi Chiriku simu.

"Nipe ujumbe wote," alisema.

Chiriku aliutafuta, akausikiliza, akaeleza neno kwa neno: "...basi linaondoka kesho saa sita. Mwanangu, tafadhali usikose. Anasema hawezi kuondoka bila kukukumbatia."

Jioni hiyo Chiriku alimweleza baba yake yote. Kesho yake baba akaipeleka simu kwa fundi simu wa mtaa, akawekewa programu inayogeuza sauti kuwa maandishi. Ilikosea hapa na pale. Gauni la mteja liligeuka gunia, shangazi akacheka hadi mabega yakatikisika. Hata hivyo, sasa alijisomea mwenyewe. Ujumbe uliingia, akausoma, akaendelea kushona. Chiriku alikaa kwenye kigoda bila kazi, na moyo wake ulikuwa mzito.

"Shangazi, huniamini tena?" aliuliza hatimaye.

Shangazi alisimamisha cherehani. "Nakupenda, mwanangu, na nimekusamehe. Kuusema ukweli siku ile kulikuwa jambo jema, maana ungeweza kunificha. Lakini imani ni kama nguo iliyochanika. Nitaishona, ila mshono utaonekana. Itakubidi uwe na subira."

Chiriku aliinamisha kichwa. Shangazi alimwinua kidevu ili aione mikono yake.

"Ukipewa neno la mtu, lifikishe lote, hata likiwa salamu tupu. Lipi lina maana, mwenye neno ndiye atakayeamua. Wewe ulidhani unanipunguzia maneno. Kumbe ulikuwa unanipunguzia watu."

Chiriku alisogeza kigoda karibu na shangazi, akaketi, akaanza kumpangia nyuzi kwenye boksi.