Sauti Nyuma ya Mtungi wa Shayiri

Maziwa ndiyo yaliyotangulia kuharibika. Ferruja alimkamua mbuzi asubuhi, akaonja, akatema: yalikuwa na ladha ya baruti. Akasugua chungu kwa majivu, akakamua tena kesho yake. Baruti ileile. Mkwewe Dehbia alinusa tu, akageukia ukuta.

Wote wawili walijua harufu ile imetoka wapi. Mwezi uliopita palipiganwa vita katika bonde lililo chini ya kijiji. Miaka yote vijana wa msituni ndio walioshika vilele, na Wafaransa wakipanda kwa miguu huku wakihema. Safari hii helikopta ziliwashusha askari juu kileleni, vijana wakasukumwa bondeni kama kondoo, na ndege zikawamalizia humo. Tangu siku ile milima hii ya Wakabili, huku Algeria, ilipata wenyewe wapya. Maiti zikakatazwa kuzikwa. Na Akli, mwana wa pekee wa Ferruja, mume wa Dehbia, alikuwamo.

Kulia hawakuweza. Nyumba iliyomlilia mpiganaji ilitiwa moto, na askari wa kambini walikuwa wameambiwa kwamba Akli yuko kiwandani Ufaransa. Basi Ferruja alimeza kilio chake, akaendelea kusaga.

"Huyo mwanao vipi?" jirani yake Tawes alimtania kisimani. "Wanawake wa Paris wamemlisha limbwata nini?"

"Amenogewa, dada. Kwao hakumbuki tena," Ferruja akajibu, akacheka. "Na wako?"

"Wangu yuko Marseille. Ananenepa tu."

Wakatwishana mitungi, kila mmoja akatazama pembeni.

Mchana mmoja, jua la utosi, kijiji kimelala, sauti ikatoka nyuma ya mtungi mkubwa wa shayiri.

"Yemma."

Hivyo ndivyo Akli alivyomwita mama yake, kwa kuburuta kidogo mwishoni, kama mtoto anayejua atapewa. Ferruja alisahau kila alichofundishwa kuhusu kuitwa na asiyeonekana.

"Naam, mwanangu," akaitika.

Tangu hapo ikawa kila mchana. Sauti iliuliza habari za mbuzi, ikalalamika baridi, na Ferruja akawa anamaliza kazi mapema ili akae karibu na ule mtungi, mkono juu ya udongo wake uliokuwa na unyevunyevu kama ngozi ya mgonjwa, akisubiri kuitwa, akiona haya kwa furaha aliyokuwa nayo.

Kisha sauti ikamtaka Dehbia.

"Mwambie aniletee joho langu la sufu, Yemma. Huku bondeni kuna baridi."

Ferruja akamwambia, na Dehbia akaanza kushuka bondeni. Alirudi pindo limelowa, kucha zimejaa udongo mweusi, anatabasamu. Chakula akakikataa, na alipokaa peke yake midomo yake ilicheza, na aliyemjibu alikuwa ndani ya ukuta, na harufu ya baruti ikachanganyika na nyingine tamu, nzito, ambayo Ferruja aliijua lakini hakutaka kuitaja, kwa maana ilikuwa ikipanda kutoka bondeni kila upepo ulipogeuka.

Akamwita Sheikh Lunis. Mzee alisoma, akafukiza ubani. Nyuma ya mtungi kitu kikacheka kwa kicheko cha Akli.

"Umekiitikia?" Sheikh akanong'ona.

"Ni mwanangu, Sheikh."

"Mwanao angemwita mkewe akae na maiti?"

Ferruja akazitazama kucha nyeusi za Dehbia.

"Bondeni kuna jini lililokuwapo kabla ya babu zetu. Limekunywa damu, likapata na sauti. Limeingia kwako kwa sababu maiti asiyeliliwa huacha mlango wazi. Kisomo changu hakilitoi, binti yangu. Mlilie. Uani, kwa sauti."

"Watatuchomea nyumba!"

"Watachoma," alisema Sheikh, machozi yakimlengalenga. "Sikudanganyi."

Dehbia alikuwa amekwisha kusimama, joho begani, macho hayaoni mtu. Ferruja akamshika mkono. Ulikuwa mwepesi kama kijiti cha kuwashia moto. Safari hii hatarudi, moyo ukamwambia.

Akamburuta hadi uani.

"Yemma," sauti ikalia ndani, sasa ya mtoto kabisa, sauti ya Akli mwenye homa ya surua, "Yemma usiseme, ukisema nitakufa, mimi nimekukosea nini, Yemma, usiniue..."

Ferruja akavua kitambaa cha kichwa, akajikwaruza mashavu, akafungua kinywa.

"Akli wangu amekufa! Enyi watu, mwanangu amekufa! Hayuko Paris, yuko bondeni, mbweha wanamla, nami sijamfunika hata kwa shuka!"

Ndani mtungi ukapasuka kwa kishindo. Kitu kikapiga ukelele ambao haukuwa wa Akli wala wa mtu yeyote, kikapita kati yao kama upepo wa tanuri. Dehbia akaanguka magotini, akatazama joho mikononi mwake, na kwa mara ya kwanza akalia.

Ndipo kilio kingine kikapanda, cha Tawes. "Na wangu! Na wangu hayuko Marseille!" Kikafuata cha nyumba ya juu, na cha pili yake, hadi askari wakatoka kambini mbio.

Nyumba ya Ferruja, iliyoanza kilio, ndiyo waliyoichoma. Wakwe hao wawili wakahamia kwa Tawes.

Vita vilipokwisha na uhuru ukaja, wakati vijana wakicheza barabarani na bendera, wanawake watatu walishuka bondeni na magunia. Mifupa ilikuwa imechanganyika. Hapakuwa na wa kusema huu wa nani. Wakaizika pamoja. Tawes aliinama juu ya udongo, akamwita wake. Dehbia akamwita mumewe kimyakimya.

"Akli," Ferruja akaita. "Akli wa Yemma."

Akasikiliza. Hapakuitika kitu. Akamshukuru Mungu kwa kimya kile, kisha akajilaza juu ya udongo ule, wakambeba hadi nyumbani kwa Tawes.