Mpangaji wa Ghorofani

"Kaka, samahani, pale wameandika ngapi?"

Ukumbi wa vitambulisho ulikuwa umefurika. Watu walikaa mpaka kwenye ngazi, wakijipepea kwa fomu zao. Aliyeuliza alikuwa muuguzi aliyetoka zamu, bado na sare nyeupe na raba miguuni, amekaza macho kuutazama ubao wa namba. Aliyeulizwa alikuwa fundi miwani, Mhindi mrefu mwenye shati la buluu lililonyooshwa pasi kupita kiasi.

"Mia moja na nne," alijibu. "Ila dada, ubao ule hata mama yangu anausoma. Wewe unahitaji miwani."

"Na wewe unahitaji adabu."

"Mimi nauza miwani tu. Adabu zimekwisha dukani."

Binti alicheka mpaka mlinzi akageuka. Namba yake ilipoitwa hakuisikia.

Wiki iliyofuata alikuwa na miwani ya fremu nyekundu, na simu zikawa hazikatiki.

"Sista, umekula?"

"Nimekula, Miwani wangu. Na uache kunipigia nikiwa na sindano mkononi, nitamchoma mtu pabaya!"

Mapenzi yakanoga. Mwaka ulipotimia walifunga ndoa kwenye ofisi ya wilaya. Bibi harusi alivaa gauni la rangi ya maziwa, kazi ya mikono ya shangazi yake aliyemlea. Shangazi huyo huyo ndiye aliyekuwa shahidi, kwani upande wa bwana harusi hakuja mtu.

"Nitamwambia mama taratibu," fundi aliahidi.

Mama yake alikuwa mjane mwenye duka la vitambaa. Yeye alilala nyuma ya duka kwa sababu ya magoti. Juu kulikuwa na vyumba viwili, kimoja cha mwanawe na kingine kitupu. Muuguzi, mweusi tii na mzuri wa kutazamika, akahamia hicho kitupu. Mama akaambiwa amepatikana mpangaji.

Taratibu ile ikawa miezi kumi na minne. Kilichoudhi ni kwamba mtaa wenyewe ulikwisha badilika. Zamani ulikuwa wa Wahindi watupu. Sasa mwenye duka la dawa alikuwa ameolewa na dereva mweusi, kinyozi wa kona ameoa Mzungu, na watoto wa kila rangi waligombania mpira mmoja uchochoroni. Wenzake walikwisha vuka mto, fundi bado anakunja suruali.

Jumamosi moja asubuhi akaingia karani wa sensa, mama mnene mchangamfu. Alimkuta mwenye duka akikunja vitambaa, muuguzi akimsaidia kunyanyua majora, na fundi akinywa chai. Akawaandika mama na mwana, kisha akainua kalamu.

"Na huyu dada ni nani yenu? Semeni tu, maana mwaka huu ndoa za mchanganyiko nimeziandika mpaka vidole vinauma."

Mama aliacha kukunja. Akamtazama mwanawe.

"Huyu?" Fundi aliweka kikombe chini. "Huyu ni mpangaji."

"Basi huyo ni kaya yake mwenyewe. Dada, umeolewa?"

Muuguzi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi, akachelewa kuivaa.

"Sijaolewa," alisema.

Kabla ya adhuhuri alikuwa amefika kwa shangazi na sanduku lake. Fundi alipiga simu mara kumi na moja ndipo ikapokewa.

"Mke wangu, nisikilize..."

"Mpangaji amehama, kaka. Chumba kiko wazi." Akakata.

Siku ya tatu mama alimkuta mwanawe amejiinamia kwenye ngazi, hajanyoa.

"Kanioneshe alipo mkeo," alisema.

"Mama! Ulikuwa unajua?"

"Magoti ndiyo mabovu, masikio yangu mazima. Mpangaji gani anakuanikia mashati? Nilikuwa nangoja useme, mwanangu. Siku ile ya karani nikasema moyoni, leo atasema."

"Niliogopa ungekataa."

"Pengine ningekataa. Ningelia siku mbili, watu wangenibembeleza, ningenyamaza. Ungenipa nafasi hiyo basi!"

Wakaenda. Muuguzi aliwapokea kwa heshima, akampa mama mkwe kiti chenye mto na kumsogezea kigoda cha miguu. Fundi hakukaa. Alisimama katikati ya sebule, mbele ya shangazi na majirani wawili waliojifanya wanaaga lakini hawaondoki.

"Huyu ni mke wangu," alisema kwa sauti. "Nilimkana, na nimekosa. Mke wangu, nisamehe."

Majirani waliitikia kwa kichwa. Muuguzi alitokwa na machozi. Bado alimpenda, na aliona aibu kwamba bado anampenda.

"La kwako nimeshakusamehe, Miwani," alisema. "Nilikusamehe siku ile ile. Lakini karani aliniuliza na mimi. Ningeweza kusema kweli. Nikatazama uso wako, nikakuonea huruma, nikasema sijaolewa. Mimi, kwa kinywa changu. Nikirudi kwako, siku nyingine utaogopa kitu kingine, na mimi nitajikana tena ili nikufiche. Najijua. Siwezi."

"Sitaogopa tena."

"Nenda nyumbani, mpenzi wangu."

Mama alisimama kwa shida, akamshika binti mashavu yote mawili.

"Mimi nitakuja Jumapili, mwanangu. Huyu sitaingia naye."

Na kweli alikuja, Jumapili hiyo na zilizofuata. Fundi humleta kwa gari mpaka mwanzo wa barabara, akabaki humo akisikiliza vicheko vya mama na mkewe kutoka dirishani. Mama akirudi, kabla hajakaa vizuri, huulizwa swali lile lile.

"Mama, ameniulizia?"

"Leo hapana, mwanangu. Washa gari."