Daktari wa Soko la Awendo

Kila Jumamosi, mama yake akienda ufukweni Kisegi kununua omena, wale dagaa wa ziwani, Milka ndiye aliyebaki kuuza sokoni Awendo. Jumamosi hiyo mikono ilipima omena, lakini macho yalikuwa barabarani. Kaka yake Maurice alikuwa akirudi kutoka chuo kikuu, na Milka aliomba gari liharibike njiani!

Kisa? Maurice alikuwa akisomea hesabu, pamoja na nadharia za jamii na ujasiriamali. Kwa hesabu zake alikadiria jinsi malaria inavyoenea. Sasa hayo utamringia nani sokoni? Basi watu wa sokoni walipomuuliza kaka anasomea nini, Milka alijibu, "Udaktari." Lo! Tangu hapo akaitwa dadake daktari, akala ndizi za bure za Mama Wangwe, jirani yake wa sokoni.

Saa nne hivi Mama Wangwe alifika bila ndizi. Alikuwa amembeba mwanawe mdogo, Wangwe, mwili moto kama jiko.

"Mpeleke zahanati, mama," Milka alisema kwa sauti ndogo.

"Nikapange foleni mpaka jioni, na daktari wetu anafika leo? Aka! Namngoja hapa hapa."

Akisema ukweli, soko zima litamcheka. Asiposema... aliogopa hata kulimaliza wazo hilo. Gari moja likapita bila Maurice, kisha jingine.

"Nyamaza, mwanangu, daktari yuko njiani," Mama Wangwe alibembeleza, na kila neno lilimchoma Milka.

Mara Wangwe akakakamaa, macho yakageuka juu.

"Degedege!" mtu alipiga kelele.

"Maurice si daktari!" Milka alilia. "Nilidanganya! Mkimbizeni zahanati!"

Mama Wangwe alimkumbatia mtoto akakimbia, Milka nyuma yake.

Huko zahanati Wangwe alidungwa sindano, na alasiri homa ikaanza kushuka. Maurice alikuwa amefika na kuambiwa yote. Alikaa kando ya dada yake.

"Nisamehe, mama," Milka alisema huku akilia.

"Nimekusamehe. Lakini sikia. Njia ya mwongo ni fupi, na yako nusura iishie kwenye kaburi la mwanangu. Uongo ulikuwa wako, aliyeumia ni Wangwe." Mama Wangwe alijifuta machozi. "Haya, kaka yako anasomea nini?"

"Hesabu," Milka alinong'ona.

"Sema kwa sauti! Uongo uliusema, soko zima likasikia."