Buti la Mbwa Wawili

“Hili halifai,” alisema mchumba wa Mkufunzi, hata kabla mlango wa nyuma wa gari haujafunguka wote.

“Halifai vipi, na hujalitazama?”

“Nimelitazama. Limeinuka mno. Magari marefu hupinduka.”

Mkufunzi alicheka. Ndivyo alivyoitwa na watu wote, hata na mama yake mzazi, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kufunza mbwa wa kutafuta watu waliopotea au waliofukiwa. Tangu asubuhi alikuwa akizunguka yadi ya magari yaliyotumika, akipima mabuti kwa utepe kama fundi cherehani apimavyo mabega ya bwana harusi. Alitaka gari dogo lililoinuka kidogo, lisiloogopa mashimo, lenye kuchukua vizimba viwili vya mbwa, magunia ya chakula, kamba na makoleo ya kazi. Mengi aliyoyaona yalikuwa na sura nzuri na tumbo dogo. Hili la kijivu ndilo la kwanza lililomfanya akunje utepe wake na kutabasamu.

“Dada, hili ndilo lako,” alisema muuzaji, mama wa makamo aliyening’iniza miwani kifuani. “Laza viti vya nyuma, hapo waweza kuhamia na ukoo mzima. Na wewe shemeji, unaogopa urefu? Mbona mwenyewe mrefu na bado hujapinduka?”

Mchumba hakucheka. Alitoa kitambaa akajifuta jasho, ilhali siku ilikuwa ya baridi. Kisha akageuka pembeni na kuandika kitu kwenye simu yake.

Muuzaji akaelekeza kidevu upande wa geti. “Na yule mbwa wako pale, kwani ni sanamu? Malori yanapita, hata sikio hatikisi.”

“Nimemwambia ‘kaa’.”

“Mpaka lini?”

“Mpaka nimwambie ‘huru’. Neno hilo tu, na kwa sauti yangu tu. Kwenye jengo lililoporomoka, mbwa akisogea ovyo anaweza kuangusha ukuta juu ya watu.”

“Ukisahau je?”

“Atakaa.”

“Hata mvua ikinyesha?”

“Hata yakinyesha mawe, mama.”

Muuzaji akashika kifua. “Laiti ningepata mume wa namna hiyo, nisingekuwa nauza magari!”

Mbwa yule, mwenye rangi ya kutu, aliitwa Shaba. Alikuwa na mwenzake, Tulia, jike jeupe mwenye macho ya huruma. Walipofunzwa, mmoja alifichwa na mwingine akamtafuta, hata ikawa hawawezi kulala bila kugusana. Kisha ghorofa likaporomoka katika mji wa mbali, Mkufunzi akaondoka na Shaba, na Tulia akabaki nyumbani mikononi mwa mchumba kwa sababu alikuwa na kidonda mguuni. Waliporudi, Tulia hayupo. Msoma mita ameacha geti wazi, alisema mchumba. Akalia pamoja naye. Akatembea naye mitaa yote wakibandika picha. Mwanamume anayemlilia mbwa wa mwenzake, aliwaza Mkufunzi wakati ule, huyo si wa kuachwa. Na kwa ajili ya machozi yale alimsamehe ile miaka yote ya “ngoja kidogo”. Ngoja nipandishwe cheo. Ngoja nimalize kozi. Mwishowe siku ya harusi ilikuwa imepangwa, na hata mpambaji wa ukumbi alikuwa amepatikana, tena kwa juhudi za mchumba mwenyewe.

“Kwa nini unapima vizimba viwili?” mchumba akamnong’oneza. “Tulia harudi, mpenzi. Kubali yaishe.”

“Atarudi. Mbwa wangu hajui kupotea.”

“Mwenye nalo alikuwa mpambaji wa maharusi,” muuzaji akaendelea kulisifu gari lake. “Maua, vitambaa, matao, vyote alibeba humu. Amelileta juzi tu. Eti buti lina harufu haitoki. Mimi naona anadeka.”

“Mpambaji?” Mkufunzi akageuka. “Hata wetu ana gari la kijivu.”

“Magari ya kijivu ni mengi kama mchanga,” mchumba akadakia. “Twende, kule mwisho nimeona jekundu.”

“Jekundu halichukui hata magunia.”

“Basi tutakodi gari la magunia!”

“Umepatwa na nini leo? Ngoja Shaba alijaribu, ndipo tubishane.”

“Usimlete mbwa hapa!”

Sauti ilimpasuka. Muuzaji akavaa miwani yake. Mkufunzi alimtazama mchumba kwa kitambo, kisha, bila kuondoa macho usoni pake, akaita:

“Shaba! Huru!”

Mbwa alikuja mbio na kuruka ndani ya buti. Akanusa pembe ya kwanza. Akanusa ya pili. Hapo mkia ukashuka. Akalala kifudifudi, kidevu sakafuni, kimya.

Hiyo ndiyo ilikuwa ishara. Tangu Tulia apotee, kila asubuhi alimpa Shaba blanketi la mwenzake alinuse, akamwambia, “Tafuta.” Na kila jioni Shaba alirudi kichwa chini. Leo ametafuta, na amepata.

Alifunua zulia la buti. Chini yake, kando ya tairi la akiba, palikuwa na manyoya meupe na kipande cha bandeji kilichokauka. Fundo lilikuwa lake. Alilifunga kwa mikono yake asubuhi aliyoondoka.

“Nipe simu yako,” akasema.

“Mkufunzi, nisikilize kwanza...”

“Nipe.”

Akatafuta namba ya mpambaji, akapiga. Haikuita hata mara mbili.

“Mpenzi,” ilisema sauti ya kike, haraka na kwa kunong’ona. “Umeshamwondoa hapo yadi? Ujumbe wako umenitia homa. Akilinunua hilo gari mimi sitalala.”

“Mbwa wangu yuko wapi?”

 

“Dada... mimi niliendesha tu. Aliniambia kuna rafiki yake machimboni anataka mbwa wa ulinzi. Tulipofika hapakuwa na mtu. Akamshusha kando ya barabara, akamwambia akae.”

“Alimwambiaje?”

“‘Kaa.’ Kama unavyosema wewe. Naye akakaa. Nilimtazama kwenye kioo mpaka tukakata kona. Hakutufuata.”

Mkufunzi alikata simu. Mchumba alikuwa ameegemea lile gari aliloliogopa kwa urefu wake.

“Nilifanya kwa ajili yetu,” alisema. “Manyoya kitandani, manyoya kwenye shati la kazini! Nilijua nikikwambia uchague, sitachaguliwa mimi.”

“Na huyu anayekuita mpenzi, naye ni kwa ajili yetu?”

Mchumba akajifuta jasho tena.

“Ungeweza kumwacha tu. Kwa nini ulitumia neno langu?”

“Nilitaka asitufuate.”

Kwa miaka yote ile, lilikuwa ndilo jibu la pekee la kweli alilowahi kumpa. Mkufunzi alivua pete, akaiweka pamoja na simu katika kiganja cha mchumba, akakifumba kwa upole kama mtu anayempa mgonjwa dawa.

“Mama, naomba nilijaribu gari.”

Muuzaji aliandika namba yake ya simu tu, akampa ufunguo bila kuuliza karatasi yoyote. “Nenda nalo, mwanangu. Huyu niachie mimi.”

Machimbo ya mawe yalikuwa mwisho wa barabara ya kokoto, penye mtambo unaosaga mawe na vumbi linalofanya kila kitu kionekane kimezeeka. Mlinzi, mzee aliyevaa buti za mpira, alitoka kibandani. Alipomwona Shaba akishuka, akavua kofia.

“Umekuja kwa ajili ya yule mweupe,” alisema. “Wa mguu uliofungwa.”

“Yuko wapi, baba?”

“Wewe ndiye mwenyewe? Mbona umechelewa, binti yangu?”

Mzee akatazama barabara.

“Nilimpelekea maji, akanywa. Chakula alionja kidogo. Mvua iliponyesha nikamvuta kwa kamba mpaka kibandani. Nilipoifungua tu, akarudi palepale, kama mtu mwenye miadi. Madereva wakamzoea, wakawa wanamkwepa na kumpigia honi ya salamu. Mpaka ile asubuhi ya ukungu. Dereva hakumwona.” Akaigeuzageuza kofia. “Lakini yeye aliliona lori. Naapa aliliona. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Hakusogea.”

Alimpeleka nyuma ya kibanda. Alikuwa amemzika mwenyewe, akapanga mawe meupe kuzunguka udongo, mazuri kuliko yote aliyoyapata.

Shaba alinusa mara moja tu. Akalala kifudifudi, kidevu ardhini. Mkufunzi akapiga magoti kando yake, akaweka kiganja juu ya udongo, akasema lile neno ambalo mtu mwingine yeyote asingeweza kulisema kwa niaba yake.

“Huru, Tulia. Huru, mama. Umekaa vizuri.”

Ndipo akalia.

Simu iliita akiwa bado chini. Alikuwa muuzaji.

“Pole, mwanangu. Nisikusumbue na habari za gari leo. Lirudishe tu ukiweza, nikutafutie jingine.”

“Hapana, mama. Nitalichukua.”

“Lile lile? Utaweza kulipanda?”

“Shaba bado anamnusa Tulia humo.”

Muuzaji alivuta makamasi. Hawajaagana, simu ikatetemeka sikioni. Ujumbe umeingia, kutoka namba aliyoizoea kuliko yake mwenyewe:

“Najua nimekosa, mpenzi wangu. Nimepata pikipiki, niko njiani. Kaa hapohapo, nakuja.”

Aliusoma. Mbali, kwenye kokoto, vumbi jembamba lilikuwa limeanza kupanda. Akamtazama mbwa wake, ambaye bado alikuwa amelaza kidevu juu ya udongo, akisubiri kama alivyofunzwa.

“Shaba,” akasema. “Huru.”

Mbwa akainuka. Naye akainuka pamoja naye.