Mwanaheri na Sili ya Shafti

Kila Ijumaa akitoka shule, Mwanaheri alikuwa na kazi asiyoipenda. Alivua sare, akavaa dera kuukuu, akashuka hadi ufukweni Mbezi Beach, ambako baba yake, Mzee Mwishehe, aliegesha boti ya tanga ya kupelekea wageni kisiwani. Ndani ya boti hiyo, upande wa nyuma, palikuwa na kishimo chenye mfuniko wa mbao. Humo ndimo ilimopita shafti, chuma kirefu cha mviringo, ikitoka kwenye injini kwenda nje kuzungusha pangaboi.

Pale shafti ilipotokea nje paliwekwa sili, yaani kamba nene yenye grisi, iliyozungushwa na kubanwa kwa nati kubwa ili bahari isiingie ndani. Hata hivyo, injini ikiwaka, sili ilidondosha tone, likafuata jingine. Mwanaheri ndiye aliyeyakausha kwa sponji, akitoka humo ananuka dizeli.

"Usije ukaikaza ikawa kavu," baba alimwonya mara nyingi. "Matone hayo ndiyo yanayoipoza. Ikikosa maji, inaungua."

Lakini darasani mwenzake Clara alikuwa ameziba pua mbele yake. "Shoga, leo tena umejipulizia dizeli?" Darasa zima likacheka.

Kwa hiyo Ijumaa hiyo Mwanaheri alichukua spana, akaikaza ile nati kwa uzito wake wote mpaka ikagoma kusogea. Basi, matone yamekwisha.

"Sili umeiangalia?" baba aliuliza.

"Nimeiangalia, baba. Iko vilevile."

Asubuhi ya Jumamosi wageni walikuja. Mama yake, Bi Somoe, alipandisha masufuria ya pilau. Baba akatazama tanga lililolala kama nguo kwenye kamba, akasema, "Leo upepo hakuna kabisa. Tutakwenda kwa injini mpaka kisiwani."

Mwanaheri akaikumbuka ile nati. Siku nyingine injini iliwashwa kidogo tu, wakati wa kutoka. Leo ingezunguka safari nzima, na sili kavu! Aseme? Mbele ya wageni wote hawa? Hapana. Ataingia haraka, alegeze nati, atoke, na hakuna atakayejua.

Alivua ndala zake, kama ilivyokuwa desturi kwa kila anayeshuka kishimoni, maana mle ndani palikuwa na utelezi. Akajipenyeza na spana, kisha akavuta mfuniko juu yake asionekane.

Giza. Alipapasa mpaka akaipata nati, akavuta. Wapi! Akavuta tena mpaka viganja vikamuuma. Mara kitu kizito kikatua juu ya mfuniko: puu!

"Boksi la barafu nimeliweka hapa nyuma!" ilikuwa sauti ya kaka yake, Ismail.

Kabla hajafumbua mdomo, injini ikanguruma.

Aliita, lakini hata yeye mwenyewe hakuisikia sauti yake. Aliusukuma mfuniko kwa mabega, haukutikisika. Shafti ilikuwa inazunguka karibu kabisa na magoti yake, na upindo wa dera lake ulikuwa unaruka ruka kuifuata. Akaukusanya upesi, akauma kitambaa kwa meno, akajikunja kama kaa ndani ya mkebe. Hakuthubutu kunyoosha hata mguu. Joto likapanda. Harufu ya grisi inayoungua ikamjaa puani, na moshi ukaanza kumkaba koo.

"Nitafia humu," aliwaza, "na hakuna anayejua kama nimo."

Ghafla injini ikanyamaza.

"Isiwashwe tena, nimesema!" Bi Somoe alikuwa akifoka juu. "Mwanaheri yuko wapi? Ndala zake hizi hapa!"

Mwanaheri akagonga mfuniko kwa spana. Boksi likaburutwa, mwanga ukaingia, mikono ya mama ikamvuta nje akikohoa.

Baba aliuona moshi. "Ismail! Maji ya injini uliyaangalia kweli wewe?"

"Niliyaangalia, baba! Wallahi!"

Mwanaheri angeweza kunyamaza. Alimtazama kaka yake, akaona anavyolaumiwa bure.

"Si injini, baba," alisema. "Ni sili. Jana niliikaza mie ikawa kavu, halafu nikakudanganya."

Mzee Mwishehe alichukua spana. Alishuka, akailegeza nati kidogo kidogo, akaifunika kwa tambara lililolowa mpaka ikapoa. Kisha akawaomba radhi wageni, wakarudi ufukweni taratibu kwa injini, huku Ismail akichota maji yaliyokuwa yakiingia kupitia sili iliyoungua.

Mchana ule boti ilipandishwa mchangani. Mwanaheri ndiye aliyeitoa ile kamba. Ilikuwa nyeusi, ngumu kama mkaa. Akazungusha mpya, baba akisimamia. "Kaza. Basi, iache hapo. Iache ipumue."

Walipomaliza, Bi Somoe alikuja na ndala mkononi. Alizitazama kwanza.

"Mwanangu, kuchekwa na Clara kunapita, na baba angekugombeza yakaisha. Lakini wewe ulificha kosa, ukaenda kulitengeneza kwa kujificha tena, mahali ambapo hata kulia hakusikiki. Ukikosea, sema mapema. Na ukiingia mahali pa hatari, mtu ajue umo." Akaziweka ndala mchangani. "Hebu nieleze, ungeingia nazo hizi, mie ningekutafutia wapi?"