Kahawa ya Mama Kokugonza

Kila asubuhi Kokugonza alifagia uwanja, akampa bibi yake maji ya kunawa, kisha akashika njia ya shule kupitia migombani. Miaka ile ya Ukimwi, kijiji chao cha Rubafu kilikuwa na makaburi mapya karibu katika kila shamba. La mama yake lilikuwa mbele ya nyumba, naye alilipita kwenda na kurudi.

Darasa la sita alikaa peke yake kwenye dawati. Mama wa rafiki yake Benigna alikuwa amemhamishia bintiye dawati jingine baada ya matanga. Na bado darasa zima lilijua kwa ufasaha jinsi Ukimwi unavyoambukiza na jinsi usivyoambukiza! Shirika moja la misaada liliungana na parokia na shule, likaleta chati za picha, likawafundisha walimu, na kila Ijumaa nesi wa shirika hilo, Dada Penina, alikuja na pikipiki kutoka Bukoba. Watoto waliimba kwamba kikombe hakiambukizi, sahani haiambukizi. Kengele ya mapumziko ikilia, wote walinywea kikombe cha shule, isipokuwa Kokugonza, aliyeambiwa aje na kopo lake.

Siku ya wazazi ilipokaribia, Mwalimu Karugendo aligawa nafasi za mchezo wa kuigiza. Hakuna aliyetaka kuwa mgonjwa.

"Kokugonza atakuwa mgonjwa," alisema bila hata kumtazama. "Huyu hahitaji kufundishwa."

Darasa likacheka. Kokugonza alihisi uso unawaka. Alikuwa amemfulia mama yake mashuka, akamlisha uji kijiko kwa kijiko, na leo hayo yote yamekuwa kichekesho. Alitaka kukataa, lakini kumkatalia mwalimu ni kujitafutia viboko.

Jioni aliona kikapu kidogo cha mama kikining'inia ukutani. Ndani mlikuwa na kahawa ya kutafuna, ile anayopewa kila mgeni anayeingia nyumba ya Mhaya. Mama aliichemsha na kuianika mwenyewe kabla hajazidiwa. Tangu mazishi, kila jirani aliyekaribishwa kahawa hiyo ghafla aliumwa meno. Kokugonza alikitungua kikapu.

Siku ilipofika, alilala kwenye mkeka mbele ya wazazi, akakohoa kama alivyoagizwa. Wenzake wakaziba pua, watu wakacheka. Badala ya kufa kama mchezo ulivyotaka, aliinuka, akachukua kikapu, akaenda moja kwa moja hadi kiti cha Mwalimu Karugendo na kupiga magoti.

"Karibu kahawa, Mwalimu. Aliitengeneza mama."

Mwalimu alikitazama kikapu, akakunja mikono. "Baadaye, mwanangu."

"Ulitufundisha kwamba kikombe hakiambukizi," Kokugonza alisema kwa hasira. "Kahawa je?"

Dada Penina alinyanyuka, akachukua punje, akatafuna mbele ya watu wote. Hakuwa akitabasamu.

"Shirika limetoa chati, parokia imetoa ukumbi, shule imetoa kipindi," alisema. "Tumeshirikiana vizuri sana, waitu, ndugu zangu, na mtoto huyu bado anakunywa maji kwa kopo lake peke yake. Anayejua kwamba ugonjwa huu hauenezwi kwa chakula, na bado anakataa kahawa ya yatima, hajajifunza kitu. Hata akiwa mwalimu. Hata akiwa mimi, niliyepita hapa kila Ijumaa nikaliona kopo hilo nisiulize. Somo la afya ni la kutenda, si la kuimba."

Mwalimu Karugendo aliinamisha kichwa, kisha akanyoosha mkono kwenye kikapu. Alimwomba Kokugonza radhi kwa sauti ambayo hata waliokaa nyuma waliisikia. Benigna hakusubiri ruhusa ya mama yake. Alitoka kwenye mstari wa waigizaji, akachukua punje mbili, moja akaitafuna na nyingine akampelekea mama yake alipokaa. Mama huyo alisita, akatazamwa na watu wote, akaipokea.

Jumatatu Benigna alirudi kwenye dawati lao, na kopo likabaki nyumbani. Kikapu kilikuwa kimerudi kitupu. Bibi alichungulia ndani, akakipangusa kwa ncha ya kanga, akatoka kwenda kuchuma kahawa nyingine.